Tulivyomuaga Mama wa Meza

Niseme mapema, ili asiyependa kumsikia mtu akijisema aachie hapa hapa: mwanamke ninayetaka kumweleza hakuondoka kwetu kwa kufukuzwa. Aliondoka kwa kushukuriwa. Na aliyepanga shukrani hizo, akatafuta viti na soda na mtu wa kuomba, ni mimi. Nilikuwa katibu wa kamati ya kituo chetu cha kuuzia majani chai, upande wa Kimulot, miaka ile ya tisini. Mpaka leo nikikutana na watu wa wakati ule huniambia, "Katibu, ile siku tulimpatia mama heshima kabisa." Mimi huangalia viatu vyangu na kuuliza habari za ng'ombe wao.

Jina lake la kuzaliwa sikulijua. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na ukiwa mgeni hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa. Alipoulizwa siku ya kwanza kuwa ni mama wa nani, alipiga meza kofi, akasema, "Wa hii." Watu wakacheka, jina likashika. Hata karani wa kiwanda, ambaye hakuwa mtu wa kujua majina, alimwita Mama wa Meza.

Meza yenyewe ilikuwa ya mbao, ndefu, chini ya banda la mabati. Mkulima alifika na kikapu mgongoni, akamwaga majani, akaanza kuchambua. Majani mawili laini na kichipukizi chake yanabaki. Jani gumu linatupwa, bua linatupwa. Baadaye lori la kiwanda linakuja, karani anashuka na kupitisha mkono ndani ya majani yako. Akigusa kitu kigumu anasema neno moja tu, "Rudisha," na ukishaambiwa hivyo uchambue upya mbio mbio, kwa maana lori halina mjomba. Nimewaona watu wazima wakilia kwa neno hilo.

Sasa, yeye hakuwa na majani. Hakuwa na hata mchai mmoja. Alikuwa ametoka mashamba makubwa ya upande wa Kericho, ambako alichuna tangu ujana wake mpaka mgongo ukakataa, na kazi ilipoisha na nyumba ya kambini ikaisha, maana kule nyumba ni ya kazi. Badala ya kurudi kwao, milima ya magharibi, akakodi chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga mahindi pale sokoni kwetu. Kwa nini hakurudi, hakuna aliyejua. Ukimuuliza nyumbani ni wapi, alikujibu, "Ni mbali, na njia ina matope." Ukimuuliza mara ya pili, alikuambia matope yameongezeka.

Kila siku ya kuchuna alifika kabla yetu sote, akasimama mwisho wa meza upande wa mwanga, mikono ameikunja, akingoja majani ya watu wengine. Ya mzee asiyeona vizuri. Ya mama aliyekuja na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Ya mtu aliyechelewa na lori tayari linasikika kilimani. Alivuta kikapu bila kuomba ruhusa, akamwaga, akaanza. Vidole vyake vilikuwa vimeingia rangi ya utomvu, ile kahawia nyeusi isiyotoka kwa sabuni, na havikuhitaji macho. Alichambua huku anakuangalia wewe usoni, kama mtu anavyopapasa mfukoni kutafuta ufunguo.

Mtu akisikia hivyo atafikiri alikuwa mpole. Wapi. Alikuwa na mdomo ambao ungeweza kumenya viazi. "Hii umechuna na mkono ama na panga?" alimuuliza mwenyekiti wetu mbele ya wake zake wawili. Mama mmoja alishindilia majani kwenye gunia siku ya jua, na majani ya chai yakishindiliwa hupata joto, hubadilika kuwa mekundu, yanaharibika. Mama wa Meza akaingiza mkono ndani ya gunia, akautoa kama aliyeungua. "Umeshaipika nyumbani? Si ungebeba na maziwa basi, tunywe." Lakini alipokwisha kusema hivyo alikuwa ameshayatandaza yote sakafuni, anayapindua na kuyapepea kwa upande wa leso yake, na karibu nusu yakaokoka.

Yeye mwenyewe chai hakuinywa. Watu walimletea kikombe, akakataa. "Nimeichuna, nimeibeba, nimenyeshewa nayo. Kuinywa, hapana." Alikunywa maji moto tupu, akiyapuliza kama yana majani ndani.

Wala hakupokea kitu. Alipelekewa mayai, sukuma, mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa, kwenye kibuyu kilichooshwa vizuri, vyote akavirudisha kwa mkono ule ule. Mama mmoja alichukizwa, akamwambia anadharau watu. Akamjibu polepole, jambo ambalo halikuwa kawaida yake: "Nikila mayai yako, kesho nitakuja hapa kwa sababu ya mayai. Wacha nije tu."

Lakini kulikuwa na jambo moja alilidai kama kodi, nalo ni salamu. Usimpite. Hata kama umebeba kilo ngapi, hata kama mvua inakupiga, useme "Chamgei," naye akuitikie kwa lafudhi yake ya kwao iliyotuchekesha. Alisema hataki kushukuriwa na mtu, na kweli ukimshukuru aligeuza uso. Ila asiyemsalimia alimweka rohoni. Nilimwona kwa macho haya akichambua majani ya mwanamke mmoja aliyempita kimya, safi kabisa, kisha akaokota bua moja nene kutoka chini na kulilaza juu katikati, mahali ambapo hata kipofu angelikuta. Karani akaja. "Rudisha." Mama wa Meza akaangalia mabati. Tangu siku hiyo mwanamke yule alianza kusalimia akiwa bado barabarani.

Mtu anayefanya kazi ya bure hasumbuki na kazi, husumbuka na watu. Miaka ile ilikuwa ya kura na vyama, na kila aliyefanya jambo la wema aliulizwa anatafuta kiti gani. Wengine walisema ametumwa na kiwanda kuchunguza wanaochanganya majani mabaya. Wengine walinong'ona mambo mabaya zaidi: mwanamke mgeni, hana mtu, anashika mavuno ya kila nyumba, anachukua nini humo? Mzee mmoja alimpokonya kikapu mikononi. Akasema tu, "Sawa, baba," akahamia kikapu kingine. Mimi mwenyewe, kama katibu, niliombwa nimchunguze, nikamchunguza kwa wiki mbili, nikakuta kwamba ana leso mbili na sufuria moja.

Naweza kusema nilimjua vizuri mwaka ule mke wangu alipofariki.

Kwetu wakati huo mwanaume alipalilia, akakata michai inapozidi urefu, akabishana kwenye mikutano. Kuchuna kulikuwa kwa wanawake na vibarua. Kwa hiyo nilipobaki peke yangu na ekari moja na nusu iliyokuwa inachipua bila kujali msiba wa mtu, niliingia humo na kikapu cha marehemu na kuvuta chochote cha kijani. Nilifika kituoni na mzigo mkubwa kuliko wa wote na nikaona fahari. Karani alishika mara moja tu. "Rudisha. Hii ni kuni." Watu walitazama pembeni kwa sababu ya msiba, na huko kutazama pembeni kuliniuma kuliko kicheko.

Mama wa Meza akavuta kikapu.

"Nani alikuwa anakuchunia?"

"Mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Tulimzika Ijumaa."

Hakuniambia pole. Alichukua mkono wangu kama mkono wa mtoto, akaweka bua kati ya vidole, akalibana. "Sikia. Hili limekatika. Sasa shika hili. Unaona limepinda tu? Linalopinda, tupa. Linalokatika, weka." Tukafanya hivyo, linalokatika, linalopinda, mpaka kikapu kikaisha. Wiki nzima nilikuwa nimepewa pole na mamia ya watu mpaka neno lenyewe likachacha masikioni. Siku hiyo ndiyo ya kwanza nilipumua. Lori lilikuwa limetuacha, majani yangu yakalala pale, na sikujali.

Nikaanza kuwahi kituoni. Nilijidanganya kwamba ni kazi ya ukatibu. Hapo ndipo nilipoona kilichokuwa kinaendelea mwisho ule wa meza. Watu wawili wakichambua pamoja hawaangaliani. Macho yako kwenye majani, mikono ina kazi, na maneno yanatoka bila kuitwa. Binti ambaye mama yake hakujua ni mjamzito alimwambia yeye. Mzee aliyekuwa amefungiwa mlango na mkewe alimwambia yeye. Akawauliza maswali madogo madogo: mtoto alilala? Mguu bado unavimba? Ile barua ilijibiwa? Naye alikumbuka yote. Aliniambia siku moja kwamba kule mashambani alikuwa akichuna miaka na miaka majani yanayoingia gunia moja na ya watu mia, hujui yanaenda kwa nani. "Hapa nikishika jani najua ni la nani na kwa nini amechelewa."

Siku nyingine nilimuuliza waziwazi, maana ilinikera kutojua. "Mama, wewe unapata nini hapa?"

Aliendelea kuchambua. "Katibu, ukitoka hapa ukafika nyumbani, unaongea na nani?"

Nikafikiri. "Na ng'ombe."

"Basi. Mimi sina ng'ombe."

Nikacheka sana. Nilirudia maneno hayo kwa watu kama kichekesho, mara kumi au zaidi, na kila mara watu waliyacheka vizuri. Alikuwa amenijibu kwa ukweli mtupu, jibu zima, na mimi nikaligeuza kuwa mzaha wa kuchangamshia mikutano.

Kama ningekuwa na akili ningemwangalia lori linapoondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake mbaya. Watu walikunja magunia, wakawa na haraka, ng'ombe wanangoja kukamwa, jiko linangoja moto, na kwa dakika kumi banda lilibaki tupu. Yeye akafagia. Alifagia mahali palipokwisha fagiwa. Kisha akakusanya yale majani magumu yaliyotupwa, akayapanga vizuri pembeni, kazi isiyo na maana yoyote, na mwishoni ndipo alipoanza kutembea kuelekea sokoni, polepole, akisimama njiani kusoma mabango ya duka ambayo ninaamini hakujua kuyasoma. Nilimpita mara nyingi nikiwa na baiskeli. Nilimpungia mkono.

Mwaka mmoja mvua haikukoma. Sakafu ya banda ikawa utelezi, na Mama wa Meza akaanguka, akaumia nyonga. Alikaa siku nne bila kuonekana, ya tano akarudi akichechemea na kikohozi kikubwa. Akina mama wakaingiwa na huruma. Mwenyekiti akaona aibu. Na mimi, ambaye nilipenda hotuba kuliko chakula, nikaona nafasi. Nilisimama kwenye kamati nikasema haifai, mama mzee ametutumikia miaka tisa bila kupokea hata yai, na sisi ni Wakristo, na kwa hiyo tumuage kwa heshima, apumzike. Nilisema "apumzike" mara kadhaa, kwa sauti ya kanisani. Kura ilipita bila mtu hata mmoja kupinga. Hakuna aliyeuliza kama yeye amechoka.

Kwetu kuaga mtu kuna utaratibu wake, na tulifuata wote. Tuliweka viti chini ya hema. Tulimkalisha mbele, tukamvika shingoni yale mapambo ya karatasi ya kumetameta, tukamfunga leso mpya juu ya leso yake. Zikaletwa zawadi: blangeti zito, thamosi kubwa ya chai, na kiti cha mbao chenye mgongo na mikono, fundi amekipaka vanishi jana yake. Wanawake walimkabidhi kiti wakiimba, wakamkalisha ndani yake kwa kumsukuma mabegani. Nilihutubu robo saa. Nilisema sasa ni zamu yetu kumtunza, na kwamba kuanzia siku hiyo yeyote atakayemwona Mama wa Meza akishika jani moja amrudishe nyumbani kwa upendo. Watu walipiga makofi wakaahidi. Akaambiwa naye aseme neno.

Alisimama. Alitazama ile karatasi ya kumetameta kifuani kwake, akaishika kwa vidole viwili kama anayeangalia kama itakatika au itapinda.

"Nimesikia," akasema, akakaa.

Tukachukua hivyo kuwa ni furaha imemzidi.

Siku ya kuchuna iliyofuata alikuwepo, mwisho wa meza, upande wa mwanga. Wanawake wawili walimshika mikono wakicheka. "Mama, si tulikuambia upumzike? Wewe ni mzee wetu sasa. Enda nyumbani, tutakuletea maji." Akaenda. Siku ya pili akaja tena, nikamrudisha mimi. Nilimshika kiwiko, nikamtoa bandani taratibu kama bibi harusi, nikimwambia maneno matamu. Hakubishana. Alisema tu, "Katibu, nitasimama. Sitashika." Nikamwambia mama, kusimama ndiko kubaya zaidi kwa nyonga.

Siku ya tatu alikuja na kile kiti. Mwanamke wa umri ule, mguu mbovu, alikibeba kichwani kutoka sokoni, akakiweka nje ya banda, hatua tatu kutoka mezani, akakaa na mikono mapajani. Hakugusa kitu. Alisalimia kila aliyepita. Watu waliona jambo hilo ni la kupendeza na la kuhuzunisha, wakasema mama huyu anatupenda jamani, na kwa sababu ya upendo huo mwanaume mmoja akabeba kiti akakirudisha sokoni, na yeye akakifuata nyuma, akichechemea, peke yake katikati ya barabara. Mimi niliwatazama mpaka wakapinda kona. Kitu kilinigusa moyoni wakati ule. Nikakiondoa kwa kwenda kuangalia mizani.

Hakuja tena. Baada ya wiki mbili nilipita chumbani kwake na sukari, nikakuta mlango wazi na mwenye nyumba anapaka chokaa. Alikuwa ameondoka na leso zake mbili na sufuria yake. Blangeti lilikuwa limekunjwa juu ya kiti, leso mpya juu ya blangeti, thamosi juu ya leso, karatasi ya kumetameta juu ya thamosi, vyote vimepangwa kwa unadhifu wa mtu anayerudisha vitu vya kuazima. Mwenye nyumba aliniuliza avipeleke wapi. Nilikaa kwenye ngazi ya ile mashine ya kusaga na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, hata kwa makosa makubwa zaidi.

Baada ya hapo meza ikawa meza tu. Kila mtu alichambua lake. Ugomvi uliongezeka. Nilijaribu kusimama pale mwisho, nikavuta kikapu cha ajuza mmoja, na mara ya kwanza akanikazia macho. "Katibu, unataka uenyekiti?" Nikamwambia sitaki kitu. Hakuamini, lakini majani yalikuwa mengi, akaniachia. Baada ya muda, bila kuniangalia, akaanza kunieleza kuhusu mwanawe aliyekwenda Nakuru na haandiki. Nilichambua mpaka vidole vikafa ganzi. Niliporudi nyumbani nilikuta nimesahau kuwa nyumba ni tupu, nikaikumbuka nikiwa nimeshafungua mlango na kuwasha moto, na hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa, kwa maana kwa miaka mingi nilikuwa nikiukumbuka utupu huo kuanzia kwenye kilima. Ndicho alichokuwa anakipata. Tulikichukua, tukampa thamosi.

Nilitamani kumwomba msamaha. Nilimuulizia kwa madereva wa malori ya majani, nikamuulizia kwa watu wa makanisa ya kwao, hakuna aliyejua. Na ungemuuliziaje mtu ambaye hujui jina lake? Nilisema "mama mmoja mzee, anachechemea, anatukana," na wote wakasema wanao kama hao wengi.

Mwaka wa pili yake nilikwenda Kapsoit kuona mtamba wa kununua. Mwenye mtamba alikuwa amepeleka majani kituoni, nikaelekezwa nimfuate huko, karibu tu na barabara. Banda lilikuwa kama letu. Sauti niliisikia kabla sijafika: "Hii ni chai ama mmekata ua wa jirani?"

Alikuwa mwisho wa meza, upande wa mwanga. Amekonda. Nyonga imemshusha upande mmoja, anaegemea mbao kwa kiwiko, na mikono inafanya kazi yake. Mbele yake alisimama mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, kikapu chao kiko katikati. Nikasogea mpaka mezani. Akaniona.

Nilikuwa sijawahi kumwona mtu huyo akiogopa. Wala kwa karani, wala kwa mzee yule aliyempokonya kikapu. Siku hiyo aliogopa. Vidole vilisimama. Aliniangalia jinsi mtu anavyomwangalia anayekuja na habari ya kumwondolea nyumba, na kichwa chake kikatikisika kidogo sana, mara moja, kama kutikisika kwa mzee tu.

Mwanamke kijana akageuka. "Baba, unamjua huyu mama? Sisi hatujui alitoka wapi. Anakuja tu hivi, anachambulia watu, hataki kitu. Wengine wanasema kichwa si kizuri."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo tayari tangu mwaka ule, nimeyapanga usiku mwingi: ni mama wa aina gani, alitufanyia nini, alinishika mkono wiki gani, na kwamba wamshike vizuri kwa sababu hawajui wamepata nani. Yalikuwa yote ya kweli. Yangemtoa pale mezani kabla ya Krismasi.

"Simjui," nikasema.

"Kumbe." Mwanamke akasikitika kidogo. "Nilifikiri labda ana watu wanaomtafuta."

"Sijui," nikasema. "Mimi natafuta mwenye mtamba."

Vidole vikaanza tena. Nilingoja, nakubali, nilingoja aniangalie mara moja zaidi, japo kwa hasira. Niliona kama nina haki hiyo. Hakuniangalia.

"Wewe baba," akasema akiwa ameinama, kwa sauti ile ile aliyowapa wote, "kama huna majani toka hapo. Unaniziba mwanga."

Nikatoka. Nyuma yangu nikamsikia akimuuliza yule mwanamke kama mtoto alilala, na mwanamke akaanza kumweleza.